SOMO LA AFYA: MAZIWA YA MAMA YALIYOKAMULIWA YAANDIKIWE SAA

Ndugu wasomaji, leo tunajifunza jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa na mtu ye yote. Nalo ni jinsi ya kukamua maziwa ya mama, kuyatunza, na kumnywesha mtoto wakati mama hayupo.

Somo hili ni la akina mama. Lakini ni la akina baba pia, na la bibi au dada anayebaki na mtoto nyumbani. Kwa sababu gani? Kwa sababu anayekamua maziwa ni mmoja, na anayeyatunza na kumnywesha mtoto ni mwingine. Wawili hawa wasipoelewana, mtoto ndiye anayeumia.

KWA NINI TUSOME SOMO HILI?

Wizara yetu ya Afya na Shirika la Afya Duniani wanafundisha hivi: mtoto apewe maziwa ya mama tu kwa miezi 6 ya kwanza. Si maji, si uji, si maziwa ya ng'ombe. Baada ya miezi 6 aanze chakula kingine, huku akiendelea kunyonya mpaka afike miaka 2 au zaidi. Haya tumeyasikia kliniki mara nyingi.

Sasa hebu tutazame hali yetu hapa Nyakahanga, na kote Karagwe na Kyerwa. Msimu wa kahawa ukifika, mama anatoka asubuhi kwenda kuchuma. Siku ya soko anakwenda Omurushaka na ndizi zake. Mwingine ni mwalimu, mwingine ana duka Kayanga. Mtoto ana miezi 3. Anabaki na bibi yake. Mtoto akilia kwa njaa, bibi afanye nini?

Mara nyingi mtoto hupewa maziwa ya ng'ombe au uji mwepesi. Bibi hana nia mbaya. Anampenda mjukuu wake. Lakini tumbo la mtoto mchanga halijawa tayari kwa vyakula hivyo, na vyombo na maji huleta vijidudu. Kuhara huanza. Mtoto mdogo akiharisha hupoteza maji mwilini upesi, na anaweza kufa kwa muda mfupi. Kwa hiyo tunalozungumza hapa ni uhai wa mtoto.

Dawa ya tatizo hili ipo, nayo haiuzwi dukani. Mama akamue maziwa yake kabla ya kuondoka, ayaache kwenye chombo safi, na aandike saa.

MAZIWA HAYALALI NDANI YA TITI

Tunasikia watu wakisema: "Mama ametoka shambani, amepigwa na jua, maziwa yake yamelala, yamechacha. Asimnyonyeshe mtoto." Maneno haya si kweli. Maziwa yakiwa ndani ya titi hayachachi, hata mama akikaa shambani kutwa nzima. Akirudi, anawe mikono, apumzike kidogo, amnyonyeshe mtoto wake.

Maziwa huanza kuharibika yakishatoka nje ya titi. Hata hivyo, maziwa ya mama hayaharibiki upesi kama mengine. Yana chembe hai na kinga zinazozuia vijidudu visiongezeke haraka. Lakini kinga hizo zina kikomo. Kadiri muda unavyopita, na kadiri joto linavyopanda, vijidudu hushinda. Ndiyo maana tunahitaji kuhesabu saa.

VYOMBO NA USAFI

Chombo kizuri ni kikombe au bakuli la bati lisilo na kutu, la glasi, au la plastiki ngumu. Kiwe na mfuniko, na mdomo mpana ili mkono uingie wakati wa kukiosha. Kama hakina mfuniko, kifunike kwa sahani safi.

Jihadharini sana na jambo moja. Usitumie kamwe chupa au kopo lililowahi kuwekwa dawa ya wadudu wa kahawa, dawa ya kuogeshea ng'ombe, au mafuta ya taa. Hata ukiliosha mara 10, sumu inaweza kubaki.

Chupa ya chuchu nayo ina shida. Chuchu yake ina mikunjo ambamo maziwa huganda na vijidudu hujificha. Kikombe kilicho wazi huoshwa kwa urahisi zaidi, na hata mtoto wa siku chache anaweza kunywa kwa kikombe.

Osha chombo kwa maji safi na sabuni. Kisuuze. Halafu kitie katika maji yanayotokota kwa dakika 5 hadi 10. Kama chombo hakivumilii kuchemshwa, kimwagie maji yanayotokota. Kianike kwenye kichanja cha vyombo, kikiwa kimeinamishwa. Usikifute kwa kanga wala kwa kitambaa cha jikoni.

Mikono inawe kwa maji yanayotiririka na sabuni. Kibuyu chirizi karibu na mlango wa jikoni kinatosha kabisa. Anayekamua anawe, na anayemnywesha mtoto anawe pia.

JINSI YA KUKAMUA KWA MKONO

Wengi wetu tunajua kukamua ng'ombe. Lakini hapa tusahau ng'ombe kidogo. Ng'ombe hukamuliwa kwa kubana chuchu. Mama hakamuliwi hivyo. Ukivuta au kubana chuchu utaumia na maziwa hayatatoka vizuri.

Fuata hatua hizi:

1. Nawa mikono. Kaa mahali penye utulivu. Mtoto akiwa karibu ni vizuri, maana ukimtazama maziwa hushuka.

2. Weka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu juu ya titi, kisha lisugue polepole kuelekea kwenye chuchu.

3. Weka kidole gumba juu ya chuchu na kidole cha shahada chini yake, nyuma kidogo ya chuchu, kwenye ile sehemu nyeusi inayoizunguka. Vidole vielekeane.

4. Sukuma kidogo kuelekea kifuani. Halafu bana kwa vidole viwili, achia, bana, achia. Mwanzoni maziwa huenda yasitoke. Endelea. Baada ya muda yataanza kudondoka, halafu kutiririka.

5. Zungusha vidole pande zote za titi. Usitelezeshe vidole juu ya ngozi.

6. Kamua titi moja kwa dakika 3 hadi 5, mpaka mtiririko upungue. Hamia la pili. Rudi la kwanza. Kazi yote huchukua dakika 20 hadi 30.

Kukamua kusiume. Kukiuma, njia si sahihi. Mwombe muuguzi wa zahanati akuonyeshe. Wenye pampu ya kukamulia waioshe kila inapotumika, kila sehemu iliyogusa maziwa, kama tulivyoeleza kuhusu vyombo.

MUDA WA KUTUNZA

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu.

Bila jokofu: maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi yatumike ndani ya muda wa saa 4. Joto la mahali lisizidi nyuzi 25.

Ndani ya jokofu, yaani friji: siku 4. Yawekwe nyuma kabisa, si mlangoni, kwa sababu mlango ukifunguliwa joto huingia.

Ndani ya sehemu ya kugandisha barafu: ni vizuri yatumike ndani ya miezi 6. Yakishatolewa na kuyeyuka yote, yatumike ndani ya muda wa saa 2 yakiwa nje, au ndani ya siku 1 yakiwa kwenye friji. Yasigandishwe tena.

Msomaji mwingine atauliza: "Mbona mimi nilifundishwa kwamba maziwa hukaa muda wa saa 8?" Swali zuri. Mafunzo ya UNICEF ya kulisha watoto vijijini yanataja muda wa saa 8 bila jokofu. Taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani inataja muda wa saa 4. Muda mrefu unawezekana kama usafi ulikuwa kamili na mahali ni pa baridi. Lakini nani anapima joto la chumba chake? Sisi tunaishi milimani, asubuhi kuna ubaridi. Lakini ikifika saa 7 mchana, chini ya bati, chumba kinaweza kuwa kama tanuri. Kwa hiyo tunashauri: shika muda wa saa 4 kama kawaida yako. Muda wa saa 8 uwe ni mpaka wa mwisho usiovukwa, kwa siku ya shida tu, mahali pakiwa pa baridi na mtoto akiwa mzima.

Weka chombo mahali penye kivuli, mbali na jiko na mbali na bati. Unaweza kukisimamisha ndani ya bakuli lenye maji ya baridi kutoka mtungini, maji yasifike kwenye mfuniko. Njia hii husaidia, lakini isiwe sababu ya kuongeza saa.

HESABU YA SAA

Ndugu wasomaji, angalieni sana mtego huu. Kwa Kiswahili tukisema "saa 4" tunaweza kuwa na maana mbili. Moja ni urefu wa muda: kutoka saa 1 mpaka saa 5 ni muda wa saa 4. Nyingine ni wakati wenyewe: saa 4 asubuhi. Mama akimwambia bibi, "Haya maziwa ni ya saa 4," bibi ataelewa lipi? Atamnywesha mtoto saa 4, au yatakwisha saa 4, au yalikamuliwa saa 4?

Mtego wa pili ni simu. Sisi tunasema saa 1 asubuhi, lakini simu inaandika 7:00. Tunasema saa 5 asubuhi, simu inaandika 11:00. Dada aliyesoma karatasi yenye "5" akatazama simu, anaweza kudhani muda bado.

Dawa ya mitego hii ni kuandika maneno kamili. Chukua kipande cha karatasi, kibandike au kifunge kwenye chombo. Andika mistari miwili:

YALIKAMULIWA: saa 1 asubuhi (simu 7:00)
MWISHO: saa 5 asubuhi (simu 11:00)

Saa ya MWISHO huhesabiwa tangu maziwa yalipokamuliwa. Haihesabiwi tangu mama alipoondoka nyumbani. Maziwa yanayowekwa kwenye friji yaandikiwe tarehe pia.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakizungumza juu ya biashara, lakini hata maziwa ya mama ni mali. Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika tukiwa watu wazima tuna kalamu. Mistari miwili tu inatosha.

Sasa tufanye mfano. Mama anatoka nyumbani saa 2 asubuhi na kurudi saa 8 mchana. Saa 1 asubuhi anakamua maziwa, anayafunika na kuyaandikia. Kabla hajatoka, saa 2, anamnyonyesha mtoto ashibe. Saa 4 na nusu asubuhi mtoto analia. Bibi anasoma karatasi: MWISHO saa 5 asubuhi. Maziwa ni salama, anamnywesha. Saa 7 mchana mtoto analia tena. Je, bibi atumie yaliyobaki kwenye chombo? Hapana. Yamezidi muda kwa saa 2.

Basi afanye nini? Hili wapange kabla mama hajaondoka. Kama shamba ni karibu, mtoto apelekwe kwa mama saa sita na nusu. Au mama arudi mapema siku hiyo. Au jirani mwenye friji aombwe nafasi ndogo, na chombo kipelekwe huko mara tu baada ya kukamua. Siku ya shida isiyokwepeka, kama tulivyosema, kuna mpaka wa muda wa saa 8: maziwa ya saa 1 asubuhi mwisho wake ni saa 9 alasiri, yakiwa mahali pa baridi. Lakini kupanga ni bora kuliko kubahatisha.

Mama naye akiwa kazini akamue kila baada ya muda wa saa 3 hivi. Kama hana pa kuyatunza, ayamwage. Inauma kumwaga, lakini titi lisipokamuliwa hujaa, huuma, na maziwa hupungua siku zinazofuata.

JINSI YA KUMNYWESHA MTOTO

Usiyachemshe maziwa haya motoni. Maziwa ya ng'ombe huchemshwa ili kuua vijidudu; ya mama yakichemshwa hovyo hupoteza sehemu ya kinga zake. Mtoto anaweza kuyanywa yakiwa na ubaridi wa kawaida. Kama yametoka kwenye friji, simamisha chombo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Yadondoshe kidogo kwenye kifundo cha mkono wako: yasichome.

Ukiona mafuta yamepanda juu, usiogope. Zungusha chombo polepole yatachanganyika. Rangi pia hubadilika: mara ya njano, mara kama ya samawati. Huo si ugonjwa. Lakini yakinuka uchachu, mwaga.

Mimina kiasi kidogo kwenye kikombe kingine safi, kama robo kikombe cha chai. Mtoto akitaka zaidi, ongeza. Mkalishe mapajani akiwa macho na amesimamishwa kiasi. Gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wake wa chini. Usimmiminie mdomoni, mwache anywe mwenyewe kwa ulimi na midomo. Ukimmiminia anaweza kupaliwa.

Yaliyobaki kwenye kikombe alichonywea, baada ya muda wa saa 2 yamwagwe. Yasirudishwe kwenye chombo kikubwa, kwa sababu mate ya mtoto yameingia. Na maziwa mapya yenye joto la mwili yasimiminwe juu ya yale ya baridi, yapoe kwanza.

MTOTO NJITI

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati mara nyingi hana nguvu za kunyonya. Tuseme mama wa Kaisho au Nkwenda ana mtoto njiti aliyelazwa hospitali, kama hii yetu ya Nyakahanga. Mama huyo ana kazi kubwa kuliko dawa nyingi: kukamua. Aanze mapema baada ya kujifungua, na akamue angalau mara 8 kwa siku, usiku ukiwemo. Maziwa ya kwanza, yale ya njano na mazito, yasimwagwe hata tone. Ndiyo chanjo yake ya kwanza. Wauguzi humpa mtoto kwa mpira mwembamba au kwa kikombe, na mama humbeba kifuani ngozi kwa ngozi, njia inayoitwa kangaruu. Kwa mtoto huyu msikadirie muda wenyewe. Fuateni saa za muuguzi.

Huko Nairobi, katika Hospitali ya Wazazi ya Pumwani, mwaka 2019 ilifunguliwa benki ya maziwa ya mama. Akina mama waliopimwa afya hutoa maziwa kwa watoto njiti ambao mama zao hawawezi kunyonyesha. Katika benki za namna hii maziwa hupashwa moto wa nyuzi 62 na nusu kwa dakika 30, kwa mashine yenye kipimo. Kazi hiyo haiwezi kufanywa kwenye mafiga matatu.

Kwa hiyo usimpe mtoto wako maziwa yaliyokamuliwa na mama mwingine bila ushauri wa mhudumu wa afya. VVU huweza kupita katika maziwa. Mkoa wetu wa Kagera unalijua gonjwa hili tangu wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walipogunduliwa hapa mwaka 1983. Mama anayeishi na VVU asikate tamaa. Akimeza dawa zake kila siku na kufuata maelekezo ya kliniki, ananyonyesha. Titi likivimba, kuuma au kutoa usaha, aende kituoni siku hiyo hiyo.

HAKI YA MAMA ALIYEAJIRIWA

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akizaa watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha nafasi ya kumlisha mtoto wakati wa kazi, hadi saa 2 kwa siku. Akina mama waajiriwa, muijue haki hii. Na enyi waajiri, chumba chenye kiti na maji ya kunawa hakigharimu sana.

KAZI YA BABA

Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", vikundi vilisoma pamoja, halafu watu wakaenda kuchimba vyoo. Walisoma wakatenda. Na sisi tufanye hivyo. Baba atengeneze kichanja na kibuyu chirizi. Achote maji. Ahakikishe kalamu na karatasi zipo. Na akina bibi tuwaeleze kwa heshima, tuwasomee karatasi kama hawaoni vizuri, wala tusiwalaumu.

Mtoto akiharisha, akiwa na homa, au akikataa kunywa, msingoje. Mpelekeni zahanati mara moja.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini si kweli kwamba maziwa hulala ndani ya titi?
2. Mama amekamua saa 12 na nusu asubuhi. Andika saa ya MWISHO kwa muda wa saa 4. Simu itaonyesha saa ngapi?
3. Mtoto amekunywa nusu ya maziwa yaliyo kwenye kikombe chake saa 3 asubuhi. Nusu iliyobaki mwisho wake ni saa ngapi?
4. Katika kijiji chetu, mama aendapo shamba la mbali, nani hubaki na mtoto? Je, anajua kusoma saa?

KAZI YA NYUMBANI

Kila msomaji aandike karatasi moja yenye maneno YALIKAMULIWA na MWISHO, aache nafasi ya kujaza saa, na aipeleke kwenye nyumba moja yenye mtoto wa chini ya miezi 6. Amfundishe anayebaki na mtoto jinsi ya kuisoma.

(Majibu: swali la 2, saa 4 na nusu asubuhi, simu 10:30. Swali la 3, saa 5 asubuhi. Lakini kama karatasi ya chombo inataja mwisho wa mapema zaidi, fuata ulio mapema.)